Hodi Mlangoni mwa Pango

Riziki wa Kiroka, kule chini ya milima ya Uluguru, amelea watoto wa watu hapa Doha mpaka mgongo wake umeuzoea uzito wao. Wa mwisho alikuwa Chelsea, binti wa Waaustralia waliokaa Al Wakrah. Alimpokea kichanga, akamuaga uwanja wa ndege akiwa na miaka minne, anazungumza Kiswahili cha Morogoro kama kazaliwa nacho.

Wazazi walirudi kwao moja kwa moja, kwenye kimji cha wakulima wa ngano. Riziki akapata kazi ya kusafisha vyumba hotelini, Al Sadd.

Mama Chelsea alikuwa muungwana, hakumtupa. Alimtumia picha za matembezi yao: maghala marefu ya ngano yaliyochorwa nyuso za watu, mto wenye mnyama wa manyoya na mdomo wa bata, mwamba wa kutazamia bonde zima. Riziki alizitazama mpaka njia ya kupanda ule mwamba akaijua. Lakini katika kila picha mtoto alikuwa amerefuka, na kwenye simu alisema "shikamoo" tu, kisha Kiingereza mbiombio.

"Atakusahau, shoga," alisema Saada, Mzanzibari waliyelala naye chumba kimoja.

"Wewe mume kakusahau, mbona unakula?"

"Huyo nilianza kumsahau mimi." Saada akacheka, Riziki naye akacheka, lakini neno lile lilikwisha kumwingia.

Jumamosi moja asubuhi, simu ikaita naye anasukuma toroli. Kazini simu ni marufuku. Akajitia stoo ya mashuka, Saada akasimama mlangoni kumlinda.

Mama Chelsea alikuwa anahema. Wamekwenda kutazama pango, ndilo linaloleta wageni kule, lina mawe yanayoning'inia kama mishumaa. Mtoto kafika mlangoni kagoma. Anaita neno moja, anangoja, anaita tena, sasa analia, na watalii wamepanga foleni nyuma yake. "Anataka nini, Riziki?"

Riziki akatega sikio.

"Hodi," mtoto aliita. "Hodi."

Riziki akaketi juu ya furushi la taulo. Kwao huingii pangoni wala kwenye maporomoko bila kubisha. Mahali pana wenyewe, hata kama huwaoni. Kule Al Wakrah aliufanya mchezo. Chelsea alibisha hata kwenye kabati, na Riziki akaitikia kutoka ndani. Usipokaribishwa, usiingie. Ndivyo alivyomfundisha, asifikirie kwamba siku moja mtoto atabisha mahali ambapo hakuna wa kumwitikia.

"Mama Chelsea, ingia wewe na simu. Iongeze sauti."

Kioo kikawa giza. Hodi ikasikika kwa mbali.

"Karibu, mwanangu," Riziki akaitikia kwa sauti kubwa, na Saada akageuka kwa hofu. "Karibu ndani. Pita."

Sauti yake ikamrudia kwa mwangwi, kutoka mahali ambapo mguu wake haujafika. Kisha vishindo vya miguu midogo. Chelsea akatokea, lakini hakuitazama simu. Alichungulia nyuma ya jiwe la kwanza, akaenda la pili.

"Ziki, uko wapi? Toka basi."



Jumamosi iliyofuata Riziki alibadilishana zamu, akakaa kitandani na simu mkononi, tayari kuitikia. Haikuita. Mchana ikaja video: Chelsea mbele ya maporomoko ya maji, amevaa koti la mvua. "Hodi," aliita. Na mama yake, kwa matamshi yaliyopinda, akamjibu, "Karibu." Mtoto akapita, hakugeuka nyuma.

Saada alikuwa amechungulia begani. "Kumbe umemfundisha na mamaye."

"Kaitikia vizuri," alisema Riziki. "Mtoto asingekaa na baridi pale nje."

Saada alipokwenda kuoga, Riziki akairudisha video mwanzo. Mtoto akabisha, na safari hii yeye akawahi kumkaribisha kabla ya mama yake.