Bolti ya Nne

Baba mkwe alinipa gari lake kwa sharti moja: gurudumu lolote atakaloligusa kwa fimbo, siku yoyote, nilifungue na kulifunga mbele yake kwa mikono yangu mwenyewe. Nikishindwa, gari linahamia kwa shemeji yangu, mdogo wake mke wangu. Shemeji alikuwa akilitamani tangu yuko shule. Siku ninakabidhiwa funguo alikuwepo, anatabasamu kama mtu aliyeambiwa asubiri kidogo.

Sikuona ugumu wowote. Ufundi nilijifunza kwa kusoma. Kitabu cha gari lile nilikipata kwa muuza vitabu wa barabarani, hakina jalada, nikakisoma mara mbili na kalamu mkononi. Gari lenyewe lina umri mkubwa kuliko ndoa yangu. Magari mengi ya hapa Arusha yana vyuma vilivyotokeza pale gurudumu linapokaa. Unatundika gurudumu, unafunga nati, umemaliza. Hili lina matundu manne yenye meno kwa ndani, na bolti nne za kuingia humo, kwa hiyo unalishikilia gurudumu kwa goti huku unatafuta tundu, kama mtu anayetia uzi kwenye sindano akiwa amebeba mtoto. Kanuni ni moja: bolti ianze kwa vidole, mizunguko mitatu bila kulazimisha, ndipo ushike spana. Niliwahi kumweleza jirani yangu wa Engutoto kanuni hii kwa nusu saa nzima, na yeye hana gari.

Niliivunja Kisongo, mchana kweupe. Tairi la nyuma kushoto lilipata pancha. Nikakata matawi, nikayapanga barabarani nyuma ya gari ili wanaokuja wajue kuna hatari, nikapiga jeki. Nilikuwa nimeshafunga bolti tatu kwa utaratibu wote nilipogeuka na kukuta ng'ombe sita wanayala yale matawi. Mwenye ng'ombe, mzee wa shuka na fimbo ndefu, alisimama anawatazama kwa upole.

"Mzee wangu, shikamoo. Ng'ombe wako wanakula alama yangu."

"Marahaba. Ni majani hayo."

"Nimeyaweka kwa ajili ya magari."

"Magari hayali majani," akasema.

Lori lilikuwa linakuja kwa mbali, na alama ilikuwa imebaki kijiti. Nikaharakisha. Bolti ya nne nikaianza kwa spana. Iliingia upande, ikakataa, nami nikapanda juu ya spana kwa mguu. Ikatoa mlio wa mtu anayetafuna mchanga, kisha ikalegea, ikawa inazunguka bila kushika popote. Meno ya bolti na meno ya tundu yalikuwa yamelana yakaisha.

"Imekaza?" mzee akauliza.

"Imekaza."

Ijumaa nikalipeleka gari kwa fundi wa kuchonga vyuma mjini. Alitia kidole kwenye tundu, akakitoa, akakiangalia.

"Ulikanyaga spana."

"Kidogo tu."

"Hakuna kukanyaga kidogo. Niletee ngoma yote ya breki, yenye matundu hayo. Nitapanua hilo tundu, nitie bushi, pete ya chuma, niikate meno mapya. Lakini ni Jumatatu, kesho nina mazishi."

Jumapili ilikuwa kipaimara cha mtoto wa dada yake mke wangu, kule Nkoaranga, nyumbani kwa baba mkwe. Kukosa kusingewezekana, na kwenda bila gari kungekuwa sawa na kutangaza kosa langu.

Jumamosi nikafanya jambo ambalo halimo kitabuni. Nikaikata ile bolti mbovu kwa msumeno wa chuma, nikabakiza kichwa na shina fupi. Shina nikalizungushia kipande cha mpira wa tyubu, nikapaka grisi, nikaichomeka bolti kwenye tundu. Nikarudi nyuma hatua tano, nikahesabu. Nne. Nikarudi hatua kumi. Nne. Mwisho nikaipaka tope, kwa sababu bolti safi kupita wenzake hutia watu shaka. Zile tatu za kweli nilizikagua mara mbili, nikajiambia kwamba mwendo wa polepole utatosha. Leo sijitetei kwa hilo.

Tulipoanza kupanda mlima mke wangu akachungulia dirishani.

"Mbona tunapitwa na watu wa miguu?"

"Wale ni kwaya," nikasema. "Wamechelewa."

Nyumbani kwa baba mkwe niliegesha gari upande wa kushoto ukiwa umebanana na mibuni, hata kuku asingepita. Ibada ilikwisha, tukala, hotuba zikasemwa. Nilikuwa nimeanza kuamini kwamba siku itapita salama, ndipo baba mkwe alipoinuka na fimbo yake.

"Gari limelala na kahawa," akasema.

"Ni kivuli, Baba."

"Kivuli kiko upande huu."

"Pengine lina aibu," shemeji akadakia, soda mkononi. "Lisogeze, shemeji, tulione mbavu zote."

"Shemeji, kula kwanza."

"Nimeshiba."

Baba mkwe hakungoja lisogezwe. Alipenya katikati ya mibuni na suti yake ya kanisani, akainama kwenye gurudumu la nyuma, akaanza kugonga bolti kwa ncha ya chuma ya fimbo. Ya kwanza ikalia. Ya pili ikalia. Ya tatu ikalia. Ya nne ikasema pu, kama boga. Akaishika kwa vidole viwili, ikatoka bila ubishi wowote. Akarudi nayo uwanjani, imelala kiganjani na mpira wake na grisi yake.

"Hii ni nini?"

"Ni bolti, Baba."

"Nusu yake nyingine iko wapi?"

"Ipo nyumbani."

Shemeji alicheka hadi akaweka soda chini. Baba mkwe akasema neno la Kimeru, wazee wawili wakainamisha vichwa. Nimemwomba mke wangu anitafsirie, amekataa hadi leo.

"Nani amekufundisha hivi?"

"Nimejifunza mwenyewe."

"Umempandisha binti yangu mlimani na kitu hiki," akasema, taratibu, na kicheko kikaisha uwanja mzima. Nilisema samahani.

Shemeji alikuwa ameshanyoosha mkono kupokea funguo. Baba mkwe akamwelekeza kwenye gurudumu la mbele kulia: afungue, kisha afunge. Kufungua alifungua vizuri. Kufunga, akaokota bolti, akaipachika kwenye spana, akainua mguu. Fimbo ikatua begani kwake, polepole.

"Mwingine huyu," baba mkwe akasema, akazichukua funguo mkononi mwangu, akazitia mfukoni. "Likipata bolti nne, litapata dereva."

Nikavua koti, nikaifungua ngoma ya breki palepale, nikaliacha gari juu ya mawe. Ngoma tuliifunga kwenye khanga, nikateremka nayo kwa miguu. Jumatatu fundi akaichonga, akanipa na bolti mpya. Jumanne nikapanda nayo kwa njia ileile ya mteremko mkali, na kila niliyekutana naye alikuwa na habari. "Ya nne haijambo?" mama mmoja mwenye mkungu wa ndizi akaniuliza. Nikasema inaendelea vizuri.

Baba mkwe aliweka kigoda karibu na gurudumu, akakaa. Shemeji alikuja bila kuitwa. Nikaanza kwa vidole, baba mkwe anahesabu mizunguko kwa sauti, mitatu kwa kila bolti. Ya nne aliniambia niitoe niirudie. Nikairudia. Akaniambia tena. Mara ya tatu ndipo akaruhusu spana. Kisha akagonga. Ikalia. Akagonga tena, sikio limeinama.

Funguo hakunipa. Alifungua mlango wa nyuma kushoto, akakaa juu kabisa ya lile gurudumu, fimbo katikati ya magoti.

"Baba, hapo nyuma kunarusha," nikasema. "Kaa mbele."

"Mbele akae huyo," akasema, akimwonyesha shemeji. "Likichomoka, asibaki wa kurithi."

Shemeji akaingia, akafunga mkanda, kitu ambacho sijawahi kumwona akifanya. Baba mkwe akanipitishia funguo juu ya kiti.