Mshono Chini ya Madoido

Mtaani hakuna aliyemwita kwa jina lake. Alikuwa Mama Madoido, basi. Mtu akirefusha hadithi kwa mbwembwe, huambiwa, "Punguza madoido, sema!" Mchezaji akipiga chenga kumi bila goli, nayo ni madoido. Lakini kwa fundi huyu madoido ndiyo yalikuwa kazi yenyewe: shanga, nyuzi za dhahabu na vile vidude vya duara vinavyometameta, akivishona kwa mkono kimoja kimoja. Gauni lake likiingia ukumbini, bibi harusi mwenyewe huonekana baadaye.

Miaka ya karibuni madoido yalizidi. Mteja anaomba ua moja kifuani, anapewa bustani nzima. Watu wakacheka, wakasema mama kanogewa. Thubutu! Laiti wangejua. Macho yalikuwa yameanza kumtupa mkono. Mshono uliokuwa ukinyooka sasa ulikwenda ukiyumba, naye hakuwa na dawa ila kuufunika. Palipopinda, shanga. Palipokunjamana, ua. Hakumwambia mtu, maana fundi asiyeona nani atampa kitambaa chake?

Ndipo bintiye wa pekee akaja kusema anaolewa.

"Hongera, mwanangu! Ngoja uone. Hao wakwe zako watakuja na miwani ya jua."

"Mama, mimi nataka gauni jeupe, lisilo na kitu. Hata shanga moja sitaki."

Mama akacheka, akidhani anataniwa. Binti hakucheka.

Gauni jeupe lisilo na kitu! Hilo lina pa kujificha? Mama alishona, akafumua. Akasogeza cherehani dirishani, akashona tena, akafumua tena. Ubavuni na begani kitambaa kilianza kuonyesha matundu ya sindano. Binti akipiga simu, anaambiwa bado kidogo, na mama akikata simu anabaki ameshika kichwa.

Siku moja mchana binti akaingia bila hodi, akamkuta na wembe mkononi.

"Mama, mbona unafumua?"

"Si unajua mimi, nataka liwe zuri."

Binti akalichukua gauni, akapitisha kidole begani. Kidole kikapanda, kikashuka. Mama akainama. Alijisikia vibaya kuliko siku yoyote ya maisha yake.

"Sioni, mwanangu," akasema. "Muda mrefu sasa. Yale madoido yote nilikuwa nafukia mashimo. Mpe fundi mwingine, usije ukaaibika siku yako."

Binti akaketi chini hapo hapo, juu ya vipande vya kitambaa.

"Najua huoni, mama. Nilikuona ukitunga sindano kwa shangazi, ukalikosa tundu mpaka ukajifanya unakohoa. Ndiyo maana nikaomba lisilo na kitu. Nilisema nikupunguzie kazi."

Wakatazamana. Kisha mama akaanza kucheka, akacheka mpaka machozi, na bintiye naye akashindwa kujizuia. Loo, mtoto kataka kumbeba mama, kambwagia gogo!

"Kumbe unayapenda madoido?"

"Mama we! Nimekua ndani yake. Nilikuwa nayalilia usiku kucha."

Hapo kazi ikaanza. Binti akawa anatunga uzi, anampa mama sindano baada ya sindano. Mama akashona kwa vidole, maana shanga hazihitaji macho, zinapapaswa. Ubavu wote ukafunikwa. Alipofika begani, binti akamshika mkono.

"Hapa pabaki hivi hivi."

"Pamepinda, mwanangu. Watasema."

"Waseme."

Nao walisema. Ukumbini shangazi, ambaye ulimi wake haujui kupumzika, alisogea akalinyooshea gauni kidole. "Jamani, hapa begani mbona hapakutiwa kitu? Na mshono wenyewe umekwenda kombo!"

"Umekwenda kombo, ndiyo, shangazi," bibi harusi akajibu, akamvuta mama yake karibu. "Huo kaushona mama."