Mkeka wa Mama Sesi

Juzi niliona mkeka wenye maandishi dukani Kashai, na harufu ya ukindu ikanirudisha kwetu Izimbya. Mama alikuwa ameacha kisomo cha watu wazima. Herufi alizijua, ila akishika chaki mkono ulitetemeka, wenzake wakacheka.

"Mkono wangu ni wa kusuka tu," alisema.

Mchana mmoja akaanza kusuka mistari myeusi iliyopindapinda. Nikajua anaharibu mkeka.

"Mama, umekosea."

"Nyamaza, nisogezee ukindu mweusi."

Mkeka ulipokwisha tukaupeleka darasani, akautandika mbele ya mwalimu. Mwalimu akainama, akasoma polepole: "Kokuteta."

Nikauliza Kokuteta ni nani, maana mama yangu kijiji kizima kilimwita Mama Sesi, kwa jina langu.

"Ni mimi, mwanangu," alisema, akaketi kwenye benchi la mbele.