Kikopo cha Mama Mkwe

Mke wangu alikuwa amejifungua juzi tu, kwa hiyo ni mimi niliyemleta mama yake kwa pikipiki hadi hospitali hapa Kasongo. Alikuwa akikohoa tangu mavuno ya mpunga, na amekonda sana. Zamani makohozi yalipelekwa mbali kupimwa kifua kikuu na jibu likachelewa. Siku hizi labo ya hospitali iko na mashine mpya ya kupimia, jibu linatoka siku ileile.

Binti wa labo alinipa kikopo. “Papa, mama akohoe kutoka ndani kabisa ya kifua, ateme humu.” Alinieleza vizuri, sitamsingizia.

Lakini kwetu mkwe hata chakula hali mbele ya mama mkwe. Nitamwambiaje ateme? Ningeweza kumtuma mwanamke yeyote pale uani. Labda niliona haya hata kuomba, sijui. Nilienda nyuma ya jengo nikakohoa mwenyewe, nikatema kikoponi. Hata mimi nilikuwa na kikohozi kidogo, na tunaishi kiwanja kimoja. Nilijiambia ugonjwa utakuwa uleule.

Mchana munganga, daktari wa hospitali, alituita, binti wa labo akiwa pale.

“Mama, furahi. Kifua kikuu hakuna. Utarudi nyumbani na dawa ya kikohozi tu.”

Mama mkwe alikohoa kwanza, muda mrefu, akishika ubavu.

“Aksanti, munganga. Lakini mulipima nini? Mimi hakuna mutu aliniomba kitu.”

Binti wa labo akanigeukia. “Papa, yale makohozi yalikuwa ya nani?”

Ikabidi nijibu, mama mkwe akisikia.

“Yangu.”