Penseli Mbili za Msahihishaji

Msahihishaji wa gazeti letu huchomeka penseli mbili sikioni. Ya bluu hupigia mstari yaliyotokea, nyekundu hupigia tunayohisi tu. Akisoma, midomo inamcheza bila sauti, na kidole gumba chenye doa la wino kinapita juu ya maneno kama cha anayechambua mchele. Jana mimi, niliyejiona mwamba wa habari, nilimpelekea taarifa ya mkutano wa wazazi kuhusu madawati yaliyopotea shuleni: umati ulifurika, na mwalimu mkuu alikuwa na uso wa hatia.

“Umati uliuhesabu?”

“Si ulionekana tu, mzee.”

“Na hiyo hatia ilikaa shavu gani?”

Nikajikuna kichwa. Nilikuwa nimefika mkutano umekwisha, nikamkuta mwalimu peke yake akipanga viti. Mzee hakugomba. Alipiga mistari taratibu, akanirudishia karatasi imeiva nyekundu karibu yote. Bluu ilikuwa chini ya tarehe, na juu kabisa, pale tunapoandika “Na Mwandishi Wetu”. Nikashusha pumzi: angalau hilo limepita. Kisha nikatazama vizuri. Bluu ilikuwa chini ya “Wetu”. Neno “Mwandishi” alikuwa amelipigia nyekundu.