Mikoko ya Karatina

Mama yangu ana kitalu cha miche kando ya barabara ya kuingia Karatina, huku kwetu milimani, na kiburi chake chote kiko pale. Kahawa, parachichi, miti ya mbao, chochote akikitia mkono kinashika. Mteja akirudi kulalamika kwamba mche umekufa, mama humwuliza kwanza kwa nini aliunyima maji. Nimekua nikimsikia akigombeza watu wazima namna hiyo, na mara nyingi nimeona haya.

Mdogo wangu alikwenda pwani kufundisha shule ya msingi. Huko akajiunga na kina mama waliokuwa wakirudisha mikoko kwenye hori, pale bahari inapoingia nchi kavu, maana ya zamani ilikatwa kwa nguzo na makaa hadi pakabaki tope tupu. Jumamosi maji yakipwa alikuwa mumo humo, tope magotini, akipanda. Alinitumia picha akicheka, kiatu kimoja kimezama. Hapa kwetu sikuwahi kumwona na furaha ile.

Kisha akaugua, na ugonjwa haukumpa muda. Alinipigia simu kutoka hospitali akasema, nikifa nizikeni huku, karibu na hori. Nikamwambia aache upuzi, atapona. Alipofariki, nikanyamaza. Kwetu mtu huzikwa katika shamba la kwao, na kusema kweli mimi pia nilimtaka nyumbani. Tukamsafirisha, tukamzika shambani, upande wa juu wa kahawa. Mama sikumwambia kitu.

Wiki chache baadaye tulishuka pwani, mimi na mama, kuchukua vitu vyake. Wale kina mama wakatupeleka horini. Walituonyesha mistari aliyoipanda yeye, mikoko inayofika kiunoni, na mwishoni mwake walikuwa wameacha nafasi ili mama apande mmoja kwa mkono wake. Mmoja wao akampa mbegu ya mkoko, ndefu kama penseli mbili.

"Jembe iko wapi?" mama akauliza.

"Hauchimbiwi shimo huu, mama. Wauchomeka tu kwenye tope, maji yatautunza."

"Ati hakuna shimo? Hata mbolea? Hiyo si kupanda, hiyo ni kutupa."

Wakacheka kwa upole, nao hawakujua wamemgusa wapi. Mama hakuingia kwenye tope. Aliomba mbegu kumi na mbili, akazifunga kwenye kanga ya marehemu, akasema mmoja utaota kaburini kwa mtoto wake. Walijaribu kumweleza kwamba mti huo haupandi milima. Mama wa kitalu angeambiwa nini juu ya mti?

Nyumbani alizitia kwenye vikaratasi vya plastiki vya kuoteshea miche, akachanganya udongo wa mtoni na samadi ya ng'ombe. Maji ya kumwagilia aliyatia chumvi ya jikoni, kisha akayaonja kwa kidole kama mtu anayeonja mchuzi. Mimi nilimwona mjinga, na nikamwambia hivyo. Lakini majani mawili mawili yakatoka, ya kijani kinachong'aa. Mama akawapigia wale wanawake simu kuwatangazia. Siku hiyo aliimba.

Baridi ya Julai ikaja. Kwa siku nyingi jua halikuonekana, ukungu umekaa juu ya kitalu, na majani yakaanza kuwa meusi kutoka nchani. Mama akaifunika miche kwa magunia. Haikusaidia. Akaiingiza jikoni, akaipanga kuzunguka jiko, ikawa tunakula huku tumeikunjia miguu. Alikuwa akiongea nayo. Nilimsikia akiiita kwa jina la mdogo wangu, nikatoka nje nikalia.

Mwezi wa nane haukubaki hata mmoja. Mche ukifa, kwa kawaida mama huutupa kwenye lundo la mbolea bila kuutazama mara mbili. Hii aliing'oa mmoja mmoja, akaiosha kwenye karai tope lote likatoka, akaipanga juu ya gunia. Mizizi ilikuwa imeoza, laini kama viazi vilivyoharibika.

Nikashindwa kuvumilia. Nikamwambia kwamba mdogo wangu aliomba kuzikwa kule, kwamba aliniomba mimi, na mimi nikaficha.

Nilingoja anifokee, na ningefurahi kama angenifokea. Hakuinua hata kichwa.

"Hiyo najua," alisema. "Alinipigia simu mimi kwanza. Nikamwambia mtoto yangu hawezi zikwa kwa matope kama mtu hana kwao."

Akachukua mche mwingine, akaanza kuusugua kwa kidole gumba.

"Hakunipigia tena."