Mimi ni Jirani

Jumanne. Manyunyu tangu asubuhi, Kibera yote matope.

Mwanangu, leo redio iliposema Ethiopia na Eritrea wanatishana tena juu ya bahari, ulicheka: "Hako kanchi si karudi tu kwa mkubwa wake, yaishe?" Sikusoma sana, naogopa kusema nisichojua. Wacha niandike nilichoona.

Nakumbuka nikiwa msichana, tulipanga Kawangware, upande wa Riruta. Kwenye ploti, vyumba vya kupanga vya ua mmoja, walikuwa Mama Selam wa Eritrea na Mama Tigist wa Ethiopia. Walipika injera, ile mikate yao mipana yenye uchachu, kwa jiko moja, wakiuzia hoteli. Sisi tuliwaita wote Wahabeshi, basi. Nchi zao zikaanza kupigana mpakani. Wakaacha kuongea, jiko likapoa, na watoto wa pande zote mbili wakaanza kulala njaa.

Majirani tukawaita wapatane kwa kahawa. Kwao kahawa ni vikombe vitatu, na cha tatu ndicho cha baraka. Huondoki kabla yake. Keateka, msimamizi wa ploti, akasema, kwa nia nzuri nadhani, "Nyinyi ni damu moja. Huyu dada mkubwa, huyu mdogo. Mdogo aombe msamaha, tumalize."

Mama Selam akaweka chini kikombe cha pili. "Mimi si dada mdogo wa mtu. Mimi ni jirani." Akatoka.

"Maringo tu!" watu wakasema. "Ona vile anajiskia!"

Shangazi yangu, mtu wa Kitui asiyependa kelele, akatugeukia. "Mmemwita mumpatanishe ama mummeze? We keateka, jirani akisema nyumba yako ni stoo yake, utakunywa kahawa yake?"

Mama Tigist hakuwa mbaya. Kakake alikuwa vitani, na kwao kupoteza bahari Eritrea ilipojitenga kuliwauma kweli. Aliposikia maneno ya shangazi, aliinuka. Kisha akamimina kahawa ya tatu, akavuka ua, akasimama nje ya mlango wa mwenzake bila kuingia.

"Nchi yako ni yako," akasema. "Bado nimekasirika. Kunywa."

Mama Selam akanywa, amesimama mlangoni. Kesho yake jiko likawaka. Juu ya vita hawakukubaliana kamwe, na mpaka leo sijui nani alikuwa na haki.

Mwanangu, mdogo akisema yeye ni mtu kamili, usimwambie arudi kwa mkubwa ndio kuwe na amani. Mkubwa naye usimwite shetani, muulize kinachomuuma. Mungu akupe majirani mnaoweza kukosana na bado mkasalimiana asubuhi.

Jioni tumekula ugali na omena.